Kengele Iliyopigiwa Saluti

Pasipo moshi hapana moto, na pasipo moto hapana neno. Hivyo ndivyo methali inavyosemwa katika Jamhuri ya Nyookeni, na imechongwa kwa herufi za dhahabu juu ya mlango wa Nyumba ya Pasi. Nchi nyingine bado husema kwamba penye moshi hapakosi moto, lakini Nyookeni iligundua uchochezi ndani ya maneno hayo. Yanamfanya raia atafute moshi, na raia akishaanza kutafuta hajui pa kuishia. Methali ikageuzwa ndani nje kama kanzu, ikapigwa pasi, ikapendeza.

Nyookeni ni nchi isiyovumilia kunyanzi. Siku ya uhuru, mwasisi wake, Baba Mnyoofu, alisimama jukwaani na suti iliyonyooka kiasi kwamba inzi alipotua begani aliteleza. Tangu siku hiyo taifa likaapa kufuata suti ile. Waziri akionekana na mkunjo kwenye suruali hujiuzulu kabla ya chakula cha mchana. Waziri akiiba dawa za hospitali, swali la kwanza bungeni huwa ni nani anayempigia pasi, maana kazi ni safi.

Wala msidhani ni pasi ya umeme. Pasi ya umeme, walisema wakubwa, hunyoosha bila jasho, na kisicho na jasho hakina uzalendo. Suti ya Baba Mnyoofu ilinyooshwa kwa pasi ya mkaa, ile ya chuma yenye jogoo juu ya kifuniko, na kwa hiyo bendera zote za nchi hunyooshwa kwa pasi hizo hizo, ndani ya Nyumba ya Pasi, ukumbi mmoja mrefu ambao madirisha yake yamepigiliwa misumari. Zamani yalikuwa yakifunguka. Siku moja vumbi likaingia likatua juu ya bendera, na Waziri wa Madirisha akahamishiwa gerezani.

Mkaa huwashwa uani mpaka moshi uishe, kisha huingizwa ukumbini ukiwa mwekundu, umetakata. Mkaguzi wa Hewa akija hutazama juu, hutazama chini, haoni moshi, husoma methali mlangoni, huenda zake na shati jeupe.

Tusiwaonee lakini. Sheria za Nyookeni si za kijinga. Ni marufuku kabisa kulala na jiko la mkaa ndani, kwa sababu hakuna mtaa usiokuwa na habari ya watu waliofunga mlango siku ya baridi wakaamka wamekufa. Wanasheria wa serikali waliipitia sheria hiyo kwa makini wakaona haiihusu Nyumba ya Pasi. Pale hakuna anayelala. Anayelala hufukuzwa.

*

Siwatu binti Mbaruku alikuwa msimamizi wa zamu katika ukumbi huo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kwa sauti hiyo alipewa kazi ya Tamko. Mpiga pasi akianza kuyumba, macho yakimzunguka, magoti yakimlegea hata akaanguka mbele ya bendera, Siwatu alitakiwa kupaza sauti, "Amezidiwa na mapenzi!" Na ukumbi mzima uitikie, "Mapenzi ya nchi!" Aliyeanguka hukokotwa hadi uani, hubandikwa utepe mwekundu kifuani, hupewa soda. Hewa ya uani ilikuwa na tabia ya ajabu ya kuzindua watu, lakini sifa zote zilikwenda kwa soda.

Vichwa viliuma tangu asubuhi. Hiyo iliitwa fikra. Watu walitapika, hiyo iliitwa kuutoa ukoloni. Nyuso ziliwaiva zikawa nyekundu, na wageni rasmi walipita wakisifu afya ya wafanyakazi wa Nyookeni.

"Dada Siwatu," alikuwa akisema Mchano, mkunja bendera, kila wanapoanza zamu, "leo nikizidiwa na mapenzi unikokote wewe mwenyewe. Nisije nikashikwashikwa na watu."

"Nikukokote wewe?" Siwatu humjibu. "Na wanga wote huo aliokutia mkeo? Ukianguka utakatika vipande kama papa mkavu."

Ukumbi hucheka. Mke wa Mchano alikuwa bingwa wa wanga wa muhogo. Sare ya mumewe ilikuwa ngumu kama mlango, na akiivua jioni ilisimama yenyewe pembeni mwa chumba. Mchano aliapa kwamba wageni walikuwa wakiisalimia sare na kumpita yeye.

Kidawa, binti pekee wa Siwatu, alipiga pasi meza ya tatu kutoka mlangoni. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, na likizo ya uzazi ilikuwa imesitishwa nchi nzima mpaka sherehe za uhuru zipite, kwa kuwa Bendera Kuu bado ilikuwa na kunyanzi.

Jioni moja nyumbani wali ulipokwisha kuiva, Siwatu alisema kama asemavyo siku zote, "Mwanangu, toa jiko nje. Na hilo tumbo ulilo nalo! Hewa ya mkaa haibishi hodi."

Kidawa hakuinuka. "Mama, hapa tuna jiko moja, na unalikimbiza nje kama mwizi. Kule kazini kila mtu ana lake mkononi."

"Kule kuna serikali."

"Serikali inatuvutia hewa?"

"Punguza sauti. Kuta zina masikio."

"Kuta za humu zina tepe zako nyekundu, Mama. Umezidiwa na mapenzi mpaka pa kutundikia pamekwisha."

Siwatu akacheka. Akalibeba jiko mwenyewe, akaliweka uani, akabaki amelisimamia akiyatazama makaa. Hayakuwa na moshi hata kidogo. Yalikuwa mazuri kabisa.

*

Kesho yake alikwenda kumwombea binti yake ruhusa kwa Mheshimiwa Kilindo, Mkuu wa Itifaki ya Taifa. Kilindo alikuwa na shahada nyingi za heshima, kila moja imepigwa pasi.

"Ruhusa?" alisema Kilindo. "Bi Siwatu, wewe ni mama. Huoni bahati hiyo? Mtoto aliyekaa tumboni ndani ya Nyumba ya Pasi atazaliwa amenyooka."

"Mheshimiwa, anaumwa kichwa kila siku."

"Anafikiri. Mwache afikiri."

Wiki ile ile wakafika wataalamu kutoka nchi rafiki. Waliingia ukumbini, wakatazamana, wakatoka haraka bila kuaga. Waliporudi walileta zawadi: kidude cheupe cha plastiki, duara, ukubwa wa kisosi. Wakaeleza taratibu, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwamba mkaa unapoungua mahali pasipopita hewa hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka, ambayo huingia katika damu na kukaa mahali pa hewa nzuri, hata mtu afe na uso wake mzuri. Kifaa hiki kinaiona. Kikilia, acheni kila kitu, tokeni nje, fungueni milango.

Kilindo alielewa vizuri mno. Akashukuru, akapeana nao mikono, akakitundika kifaa ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Kikalia papo hapo, kwa sauti kali iliyofika mpaka kwenye meno. Wageni wakakimbilia mlangoni. Walipoufungua, upepo ukaingia, na baada ya muda kifaa kikanyamaza.

"Mmeona?" alisema Kilindo walipokwisha kuondoka. "Kimewaaga wenyeji wake."

Kisha akapanda juu ya meza, akakohoa kikohozi cha kiserikali, akahutubia:

"Ndugu wananchi wa pasi! Tumepokea zawadi, nasi tunaipokea kwa mikono miwili na akili zetu timamu. Tumeambiwa kikilia tutoke. Nauliza, tutoke kwenda wapi? Tumpe nani kisogo? Bendera! Na kuipa bendera kisogo ni kosa la jinai katika nchi hii. Je, kisosi cha plastiki kinaweza kumwamuru raia huru avunje sheria yake? Hakiwezi! Lakini hatuna utovu wa adabu. Kengele ikilia mbele ya bendera, itifaki yetu inajulikana tangu uhuru: kusimama wima, mkono kipajini, mpaka inyamaze. Huo ndio uamuzi. Ahsanteni kwa kushangilia."

Wakashangilia.

Kuanzia hapo maisha ya ukumbi yakapata ratiba mpya. Makaa yakiingia, baada ya kitambo kengele hulia. Wote husimama wima, mkono kipajini, pasi zikiwaka mbele yao. Mtu huanguka. Siwatu hutoa Tamko, mlango hufunguliwa apitishwe, upepo huingia, kengele hunyamaza, kazi huendelea. Siwatu aliona jambo hilo mara ya kwanza. Akaliona mara ya pili. Hakuwa peke yake. Kila mtu ukumbini aliliona, maana hata mtoto angeliona. Wengine wakaanza kuanguka mapema kwa kusudi, kwa ajili ya wenzao, wakipokezana.

"Leo zamu ya nani kupenda?" Mchano hunong'ona.

"Yako," hujibiwa. "Jana alipenda Bi Mgeni."

Siwatu akaenda tena kwa Kilindo. "Mheshimiwa, mlango ukifunguka, kile kidude kinanyamaza."

Kilindo akakunja uso, kisha akaukunjua haraka asije akaonekana. "Kwa hiyo mlango ndio unaokatisha heshima."

"Sikusema hivyo, Mheshimiwa."

"Umesema vizuri kuliko ulivyokusudia. Tangu leo kengele ikilia, mlango ufungwe kwa ufunguo. Watu wapige saluti mpaka kengele ijimalize yenyewe, kama ilivyo katika nchi zilizoendelea."

Siwatu alirudi ukumbini akitembea kama mtu aliyebeba maji ya moto. Alikwenda kuomba mlango, akarudi na kufuli.

*

Siku ya kunyoosha Bendera Kuu, kesho yake ikiwa sherehe, ukumbi ulijaa. Bendera ilitandazwa juu ya meza zote, na wapiga pasi wakajipanga kandokando yake kama watu wa arusi kwenye pilau. Kilindo aliwekewa kiti uani, nje ya dirisha, chini ya mwavuli.

"Mheshimiwa huingii?" Mchano alimuuliza kupitia kioo, kwa adabu yote.

"Mimi mapenzi yangu ni ya kutazama kwa mbali," alijibu Kilindo. "Nikisogea karibu yananiuma kichwa."

Mchano akamgeukia Siwatu. "Umemsikia? Na yeye anafikiri."

Siwatu hakucheka. Alikuwa akimtazama Kidawa, ambaye ameegemea meza kwa kiuno, midomo imekuwa myekundu kama aliyekula tambuu.

Kengele ikalia.

Ufunguo ukageuzwa kwa nje. Wote wakasimama wima, mkono kipajini. Pasi ziliwaka mbele yao safu nzima, jogoo wao wadogo wakitazama juu, na hewa ilikuwa safi, haina moshi, haina harufu, unaweza kuuona ukuta wa mwisho na kila msumari wa kila dirisha. Kengele ililia. Bi Mgeni akaanguka. Siwatu akatoa Tamko, ukumbi ukaitikia kwa sauti za watu walio chini ya maji. Hakuna aliyefungua. Mwingine akaanguka, na mwingine. Kwa nje, Kilindo alipiga makofi polepole.

"Mama," Kidawa alisema.

"Nakusikia."

"Mtoto hachezi. Tangu asubuhi hachezi. Na mikono yangu siioni ilipo."

Goti lake likalegea. Siwatu alimdaka kwa kwapa, na hapo hapo macho ya ukumbi yote yakamgeukia, kwa sababu mtu ameanguka mbele ya bendera na Tamko halijatolewa. Kilindo alisimama kitini. Kwa nje ya kioo alionekana akifungua na kufunga mdomo, akimkumbusha maneno.

Maneno yale Siwatu aliyajua. Aliyasema miaka na miaka, mpaka yakawa yanatoka yenyewe kama kupiga chafya. Safari hii yalifika kwenye meno, yakamkuta amefunga.

Alimwegesha binti yake mezani, akaikamata pasi iliyokuwa mbele yake, nzito, imejaa makaa mpaka juu, akaivurumisha dirishani.

Kioo kikapasuka. Kilindo akalala chini ya mwavuli wake. Upepo wa uani, pamoja na vumbi lake lote lililosubiri miaka yote ile, ukaingia ndani. Ukakusanya majivu ya pasi ukayamwaga juu ya Bendera Kuu, ukakunja pindo zake, ukaikunja hapa, ukaikunja pale, ukaifanya kunyanzi kama uso wa bibi kizee anayecheka. Watu wakatoka kupitia dirishani, wengine kwa kutambaa, wengine kwa kuvutwa miguu. Siwatu alimtoa Kidawa akamlaza mchangani na kumfungua vifungo vya kifua. Akasubiri. Kidawa akavuta pumzi ndefu yenye mlio, kama mtu anayetoka kisimani. Muda mrefu baadaye akachukua mkono wa mama yake, akauweka tumboni, akaubana.

"Hapo," alisema. "Umesikia?"

Siwatu alisikia. Mdogo, dhaifu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani akiona haya. Lakini alikuwa anagonga.

Ndani, kengele ilikwisha kunyamaza.

*

Kilindo alijifuta vumbi, akaingia kupima hasara. Akamkuta mtu mmoja bado amesimama mahali pake, wima, mkono kipajini, uso umenawiri.

"Tazameni!" alipiga kelele. "Wote mmekimbia kama kuku, mmoja tu amebaki na heshima yake! Jina lako nani, shujaa?"

Mchano hakujibu.

"Na unyenyekevu juu yake! Hataki hata kujitaja!" Kilindo alivua nishani kutoka kifuani mwake mwenyewe. Akamhutubia Mchano kwa urefu, akamwita nguzo, akamwita mnazi usiotikiswa na upepo, akamwahidi barabara itakayoitwa kwa jina lake pindi litakapojulikana. Wapiga pasi walitazama kupitia dirisha lililovunjika. Wanaume walikuwa wanalia. Kilindo aliona machozi yale akaongeza sauti. Alipomsogelea kumbandika nishani, pini ilikataa kuingia kwenye wanga. Akasukuma. Mchano akaenda nyuma mzima mzima, kama ubao, na mkono wake wa saluti haukushuka hata alipofika sakafuni.

Kilindo alimtazama, akautazama mlango ulivyo mbali, akatafuta la kusema.

"Amezidiwa na mapenzi," alisema.

Hakuna aliyeitikia.

*

Baraza la Mikunjo lilikutana baada ya sherehe, kumhukumu Siwatu kwa kuvunja kioo cha umma, kuitia bendera majivu, na kuacha saluti kabla kengele haijaruhusu. Na ili taifa lijue kwamba Nyumba ya Pasi ni salama, wakubwa waliamua kesi isikilizwe humo humo. Kioo kipya kilikwisha kutiwa na kupigiliwa misumari. Kengele ilikuwa imeondolewa kwa kosa la kuchochea. Pasi zote ziliwashwa, zikapangwa mezani kama mashahidi. Wafanyakazi waliamriwa wabaki uani wasikilize kwa vipaza sauti, na Kidawa alikuwa miongoni mwao, bado mjamzito, kanga mbili tumboni, amekaa chini na mjane wa Mchano.

Ndani walikaa Kilindo na wajumbe wake, na Siwatu mbele yao. Kilindo akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni. Itifaki ya Baraza ni kwamba mlango haufunguliwi mpaka mshtakiwa aombe radhi, na katika historia yote ya Nyookeni hakuna kesi iliyochelewa.

"Utasema hivi," alianza Kilindo kwa sauti ya redioni. "Kwamba mimi Siwatu naomba radhi kwa bendera, naomba radhi kwa kioo, na kwamba marehemu Mchano alifariki kwa mapenzi. Halafu utakwenda nyumbani. Tumekuonea huruma."

"Sisemi," alisema Siwatu.

Wajumbe wakatazamana. Kilindo akamsomea makosa yake upya, na safari hii kwa kirefu zaidi, pamoja na sifa za pasi ya mkaa tangu enzi za Baba Mnyoofu. Jasho likaanza kumtoka. Akalegeza tai, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Mjumbe wa kushoto akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Unafikiri, Mheshimiwa?" Siwatu alimuuliza.

"Kimya!" alifoka Kilindo. "Unaomba radhi kwa bendera?"

"Bendera haivuti pumzi."

"Kwa taifa?"

"Taifa liko uani, linanisikia. Liulizwe kama linanidai."

Kule nje mtu mmoja aliguna, na mguno ukapita uani kutoka mtu hadi mtu. Mjumbe wa kushoto akatapika ukoloni wake wote juu ya viatu vilivyong'aa. Wa kulia akainuka, akakaa, akainuka tena. "Kilindo, kaka yangu, fungua kidogo," alinong'ona, na kipaza sauti kikaupeleka mnong'ono huo uani kote. "Kidogo tu."

"Itifaki," alisema Kilindo. Uso wake ulikuwa umeiva, umependeza, hauna kunyanzi hata moja. Hakuna pasi ya nchi ile iliyowahi kumnyoosha hivyo. Aliegemea meza kwa viwiko, na sauti yake ikawa ndogo, karibu ya kibinadamu. "Siwatu. Mama. Sema neno moja tu, tutoke."

Kichwa cha Siwatu nacho kilikuwa kikigonga, na miguu yake ilikuwa mbali. Aliangalia dirishani. Kwa nje ya kioo kipya aliuona uso wa Kidawa, na kando yake mjane wa Mchano, ambaye ameokota jiwe mchangani na kulishika kifuani kwa mikono miwili, akisubiri kuona kama litahitajika.

"Ufunguo uko mfukoni mwako, Mheshimiwa," alisema Siwatu. "Mlango ni ule. Mchano hakuzidiwa na mapenzi yoyote. Alivuta hewa hii unayoivuta sasa. Ukitaka fungua, hutaki acha. Mimi siombi radhi."